Mwingereza anamwacha mhusika wake aanguke, Mmarekani anamwinua: uzi wa komedi za TV

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mjadala wa komedi za nje ukianza humu, hakosi mtu wa kusema Waingereza wana utani mkavu, Wamarekani wanachekesha kwa kelele, na mjadala unafungwa hapo. Mimi ni mpenzi wa pande zote mbili na maelezo hayo hayajawahi kunitosheleza. Basil Fawlty, mwenye hoteli wa Fawlty Towers, ni Mwingereza, na anapayuka mwanzo hadi mwisho. Gari lake likigoma kuwaka anakimbia pembeni, anarudi na tawi la mti, analichapa. Seinfeld ni ya Kimarekani, na sehemu kubwa yake ni marafiki wanne wamekaa mgahawani wanabishania vitu vidogo kwa sauti ya kawaida kabisa. Kwa hiyo tuiweke kelele pembeni.

Ukitaka kuielewa tofauti, uliza mambo mawili: hela inatoka wapi, na mwenye hela anataka episodi ngapi. Ukishapata majibu utaelewa kwa nini komedi ya Uingereza ina ujasiri wa kumwacha mtu ndani ya aibu yake mpaka mwisho, na kwa nini ya Marekani lazima imtafutie pa kuinukia.

Mfano mzuri kuliko yote ni The Office, kwa sababu ni hadithi ileile iliyotengenezwa mara mbili.

Ya Uingereza ilianza BBC Two Julai 2001. Ricky Gervais na Stephen Merchant waliiandika na kuiongoza wenyewe. Ni ofisi ya kampuni ya karatasi, tawi la Slough, magharibi mwa London. Misimu miwili ya episodi sita sita, halafu sehemu mbili za Krismasi mwaka 2003, na wakafunga duka. Jumla 14. Wakati wanafunga walikuwa juu kabisa: Januari 2004 walichukua Golden Globe ya komedi bora, na Gervais akachukua ya mwigizaji bora. Hakuna aliyewafukuza. Walisema hadithi imekwisha.

Meneja wa pale anaitwa David Brent. Anaamini yeye ni bosi, rafiki, mchekeshaji na mwanamuziki kwa wakati mmoja. Kuna siku ya mafunzo ya wafanyakazi ambapo anakwenda nyumbani kuchukua gitaa lake, anarudi kuimba, na yule mwalimu aliyelipwa kuendesha mafunzo anabaki amekaa hajui afanye nini. Unacheka, lakini huku unatamani kuficha uso.

Sasa tazameni anavyopoteza kazi. Ni msimu wa pili, siku ya kuchangisha fedha za hisani, na Brent amevaa vazi la mbuni, lile linalomfanya mtu aonekane amempanda ndege. Wakubwa wake wanamwita ofisini na kumwambia anapunguzwa kazi. Anaipokea habari hiyo akiwa na kichwa cha mbuni kifuani pake. Episodi inayofuata, ya mwisho ya msimu, anawaomba wasimwondoe. Utani wote umemtoka, sauti inatetemeka, na hakuna hata tone la muziki la kumsaidia mtazamaji. Hapo ndipo msimu unapoishia. Watazamaji wa BBC walikaa zaidi ya mwaka mzima wakiwa na picha hiyo kichwani.

Hamia Marekani. NBC waliianza Machi 2005. Aliyeibadilisha ni Greg Daniels, ambaye alikuwa ameshafanya kazi The Simpsons. Ofisi ikawa Scranton, Pennsylvania, na meneja akawa Michael Scott, akiigizwa na Steve Carell. Episodi ya kwanza ilifuata maandishi ya Waingereza karibu neno kwa neno, na mkiitazama leo mtaona haijakaa sawa: Carell anasema maneno ya Brent, lakini anayeyasema ni mtu mwingine. Msimu wa kwanza ulikuwa na episodi sita tu na haukupata watazamaji wa kutosha.

Msimu wa pili ndio waliogundua dawa. Michael hakuongezewa akili. Aliongezewa sababu ya kupendwa. Kuna episodi anakutana na mteja mkubwa, bosi wake ana wasiwasi ataharibu, anaharibu kweli kwa masaa, anapiga soga, anakula, anaimba, na mwisho wa usiku mteja anasaini. Hapo mtazamaji anaelewa kwa mara ya kwanza kuwa huyu bwana alipanda cheo kwa sababu anajua kuuza.

Na ile iliyonimaliza mimi ni ya msimu wa tatu. Pam, karani wa mapokezi anayependa kuchora, ameweka picha zake kwenye maonyesho madogo ya sanaa. Wafanyakazi wenzake karibu wote hawaji, na mmoja aliyekuja anasikika akizisema vibaya. Pam anaanza kuzibandua ukutani. Ndipo anaingia Michael, amechelewa, na anashangaa kwa dhati kabisa. Anaona mchoro wa jengo la ofisi yao, anatafuta dirisha lake, anauliza unauzwa shilingi ngapi. Pam anamkumbatia. Mchoro ule ukatundikwa ofisini na ukabaki ukutani miaka yote iliyofuata.

Brent asingeweza kupewa nafasi kama hiyo kwa wakati ule. Angefika kwenye maonyesho, angeanza kujisifia kipaji chake cha kuchora, na Dawn, karani wa mapokezi wa Slough, angebaki amesimama pale na picha zake.

Kwa nini Wamarekani walibadilisha? Wengi watasema ni kwa sababu wanapenda mwisho mwema. Mimi nasema waliangalia biashara. NBC inaishi kwa matangazo, na kampuni inayotengeneza komedi kwa kawaida hailipwi na stesheni gharama zote. Inaenda na hasara miaka ya mwanzo. Faida inakuja baadaye, vipindi vinapouzwa kwa stesheni za mitaa na za kebo virudiwe kila siku jioni, na kwa muda mrefu kipimo cha kuuzika kimekuwa karibu episodi 100. Maana yake mhusika mkuu ataingia sebuleni kwa watu siku tano za wiki, mwaka baada ya mwaka, wakiwa wanakula. Mtu wa namna ya Brent huwezi kula naye kila jioni. The Office ya Marekani ilikwenda misimu tisa, episodi 201.

Mtindo huo una historia ndefu. I Love Lucy ilipoanza CBS mwaka 1951, Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walikataa kuhamia New York na wakarekodi Hollywood kwa filamu halisi, kamera tatu, mbele ya watu. Filamu inahifadhika, kwa hiyo inarudiwa, na marudio yakageuka kuwa mali. BBC kwa miaka mingi walikuwa wanafuta mikanda yao ili waitumie tena, na komedi kadhaa kubwa za miaka ya 1960 zina episodi ambazo hazijapatikana mpaka leo. Mmarekani anaona hazina ya miaka 30, Mwingereza anaona tukio la jioni moja. Lazima wataandika tofauti.

Kuna na suala la mikono. Uingereza desturi ni mwandishi mmoja au wawili kuandika kila kitu. John Cleese na Connie Booth waliandika Fawlty Towers yote wao wawili, episodi 12 tu: sita za 1975 na sita za 1979, na katikati hapo ndoa yao ilikuwa imevunjika. Kila episodi imefungwa kama saa, mlango ukifunguliwa dakika ya tatu utajua kwa nini dakika ya ishirini na tisa. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kuifanya mara 22 kwa mwaka. Marekani wanaweka chumba cha waandishi, watu kumi au zaidi kuzunguka meza, chini ya mwandishi mkuu mmoja, na kwa miaka mingi kuanzia Septemba mpaka Mei walitoa episodi 22 au 24. Mnaodharau kazi ya Wamarekani mtafakari hilo. Kushika kiwango kwa Cheers au Frasier kwa miaka 11 ni ufundi ambao Waingereza wachache wamewahi kuujaribu.

Hata dakika zinaamua. Nusu saa ya NBC ukitoa matangazo inabaki kama dakika 22, imekatwa vipande, na kila kipande lazima kiishe na kitu cha kumzuia mtazamaji asihame chaneli. BBC hakuna matangazo, unapata karibu nusu saa kamili. Ndiyo maana The Office ya Slough inathubutu kukaa kimya, mtu anaitazama kamera, mashine ya fotokopi inatema karatasi, na hakuna anayesema kitu.

Nawasilisha. Karibuni tujadili.

---

#2

Mleta uzi hongera, umechambua. Ila kwa heshima zote naona umeruka jambo ambalo sisi tunaoishi Uingereza tunalikuta kila siku: tabaka.

Mimi niko Birmingham miaka mingi sasa. Hapa mtu akifungua mdomo tu wenzake wanajua baba yake alifanya kazi gani na alisoma shule ya namna gani. Komedi zao zote kubwa zimekaa juu ya jambo hilo. Basil anawanyenyekea wageni wenye vyeo na kuwafokea wa kawaida, mpaka tapeli anayejiita lodi anamwibia kirahisi. Hyacinth wa Keeping Up Appearances jina la ukoo ni Bucket, yeye analitamka kwa namna ya Kifaransa, na anaficha ndugu zake maskini majirani wasiwaone. Kapteni Mainwaring wa Dad's Army ni meneja wa benki ambaye sajini wake amezaliwa familia bora kuliko yeye, na jambo hilo linamla ndani kwa ndani.

Halafu kuna Del Boy wa Only Fools and Horses, mfanyabiashara mdogo wa Peckham na kigari chake cha njano cha magurudumu matatu. Miaka yote anamwambia mdogo wake, mwaka kesho saa kama hizi tutakuwa mamilionea. Krismasi ya 1996 wakapata kweli: saa ya kale iliyokuwa imetupwa kwenye gereji yao ikauzwa mnadani kwa mamilioni. Watu milioni 24.3 waliangalia usiku ule, na wenzangu kazini waliokuwa watoto wakati huo bado wanakumbuka walikuwa wamekaa wapi. Na unajua nini? Kipindi kiliporudi 2001 hela zote zilikuwa zimepotea kwenye soko la hisa na wamerudi kwenye fleti yao ileile. Mwandishi, marehemu John Sullivan, alijua hawezi kuwachekesha Waingereza na tajiri aliyeridhika.

Mmarekani anaamini kesho atapanda. Mwingereza anacheka na yule anayejaribu kupanda na ngazi haipo. Hilo halitokani na idadi ya episodi.

---

#3 – Mleta uzi

Dada, umeongezea jambo zito na nalipokea kwa mikono miwili. Mimi nauona kama uzi mmoja wenye nyuzi mbili zilizosokotwa: tabaka linampa Mwingereza mtu wa kumcheka, na uchache wa episodi unampa ruhusa ya kumwacha pale alipo.

Angalieni Steptoe and Son ya BBC, ya Ray Galton na Alan Simpson. Ilianza Januari 1962 kama mchezo wa mara moja. Baba na mtoto wake wa kiume mwenye umri karibu miaka 40 wanaokota na kununua makorokoro na vyuma chakavu London, wana farasi na mkokoteni. Mtoto, Harold, amepata ofa ya kazi kwingine na ameamua kuondoka. Anapakia vitu vyake vyote kwenye mkokoteni. Baba anamnyima farasi. Harold anashika mwenyewe, anavuta, anasukuma, mkokoteni hausogei. Anavuta tena mpaka analia. Mzee anamwambia arudi ndani, ataondoka siku nyingine. Wote wawili wanajua hataondoka.

Hiyo ni komedi, wakuu. Ilirushwa kama komedi na nchi ikaipenda, na BBC wakaomba iendelee. Iliendelea kwa awamu mpaka 1974.

Wamarekani waliichukua. Norman Lear na mwenzake Bud Yorkin wakaifanya Sanford and Son, NBC, 1972 mpaka 1977, baba na mtoto Weusi katika mtaa wa Watts, Los Angeles, na Redd Foxx kama mzee Fred. Naipenda sana. Fred akibanwa anashika kifua, anatazama juu, anamwambia marehemu mke wake Elizabeth kwamba anamfuata, na ukumbi mzima unalipuka. Lakini Lamont, mtoto wake, hajafungwa kama Harold. Anakaa kwa sababu anampenda baba yake, na wewe mtazamaji unafurahi amekaa. Nyumba ya Steptoe ni jela. Nyumba ya Sanford ni nyumbani.

Lear huyohuyo alifanya hivyo na Till Death Us Do Part. Alf Garnett wa Johnny Speight ni mfanyakazi wa mashariki mwa London, mbaguzi, mkali kwa mke wake, na miaka inapita hajifunzi chochote. Archie Bunker wa All in the Family, CBS 1971, ni mbaguzi vilevile, ila kidogo kidogo anapewa vyumba vya ndani ya moyo: unasikia alivyolelewa, unaona anaogopa nini, unamwona analia. Speight alitaka umwogope jirani yako. Lear alitaka umjue.

---

#4

Naomba kutofautiana na mleta uzi. Hoja ya idadi inavuja. Seinfeld ina episodi 180, ilikuwa NBC hiyohiyo ya matangazo, na hakuna mtu mwema hata mmoja. Curb Your Enthusiasm ni aibu tupu kwa zaidi ya miaka 20. It's Always Sunny in Philadelphia ni watu waovu kabisa na bado wapo. Upande wa pili, Last of the Summer Wine ya BBC ilianza 1973 ikaisha 2010, episodi 295. Hao ni Waingereza. Na Mr. Bean tuliyemkariri wote huku Afrika Mashariki ilikuwa ya ITV, ambayo ni chaneli ya matangazo, na iliishia episodi 15. Jibu hizo.

---

#5 – Mleta uzi

Mkuu, maswali ya maana haya. Naenda moja moja.

Curb ni ya HBO. Pale mtazamaji analipia mwenyewe kwa mwezi, hakuna matangazo, na msimu ni kama episodi kumi. Yaani Mmarekani alipopewa mazingira yanayokaribia ya Mwingereza, akatoa komedi ya aibu kama ya Mwingereza. Always Sunny ilianzia FX, chaneli ya kebo, na msimu wa kwanza, 2005, ulikuwa episodi saba tu. Wote wawili wananiunga mkono.

Last of the Summer Wine nayo tazama yaliyomo. Wazee watatu wastaafu wanazurura vilima vya Yorkshire, wanabuni michezo ya kitoto, wanateremka mlima kwenye beseni. Roy Clarke aliandika zote 295 peke yake, jambo la ajabu hilo, lakini aliandika watu wapole ambao ungependa kuwatembelea kila mwaka. Uingereza ilipotaka kitu cha kudumu, ilitengeneza watu wa kudumu nao.

Seinfeld ndiyo ngumu. Larry David, mwandishi wake mkuu, alikuwa na kanuni yake: hakuna kukumbatiana, hakuna kujifunza. NBC wenyewe hawakuiamini; baada ya episodi ya majaribio ya 1989 waliagiza nne tu. Ila angalia George Costanza. Anadhalilika kila wiki kuliko hata Brent, anafukuzwa kazi, anakamatwa anadanganya. Wiki inayofuata amekaa kwenye kiti kilekile mgahawani, marafiki watatu wamemzunguka, hana kovu. Aibu haimkai. Kinachotuumiza kwa Brent ni kwamba hana mtu. Anatoka kwenye ile ofisi kwenda wapi? Hatuambiwi, na tunaogopa kuuliza. Hata ukatili wa Seinfeld una meza ya kurudia.

Kuhusu ITV uko sahihi, matangazo peke yake hayatoshi kueleza. Soko la Uingereza ni dogo, halikuwa na stesheni mamia za mitaa zinazosubiri kununua marudio, kwa hiyo hata ITV haikuwa na sababu ya kudai episodi 100. Na Rowan Atkinson alikuwa anatengeneza kila tukio la Bean kwa mwili wake, kwa umakini wa mtu wa filamu zisizo na sauti. Kuna lile la mtihani, ambapo amejiandaa kwa mada isiyo sahihi na anajaribu kuibia kwa jirani. Maneno yanayosemwa ni machache, na mwanafunzi yeyote wa dunia hii anaielewa.

---

#6

Mimi nauliza kitu kidogo tu jamani. Zile cheko za nyuma ni za nani hasa? Mimi zinanikera, na nimekuwa nikiamini ni ushamba wa Wamarekani pekee.

---

#7 – Mleta uzi

Hapana ndugu yangu, pande zote wamezitumia. Fawlty Towers na Only Fools zilirekodiwa mbele ya watu waliokaa studio, na vicheko vile ni vyao. Friends vilevile ilirekodiwa mbele ya watu Burbank, California, na waandishi walikuwa wamesimama pembeni: utani usipopata kicheko wanakaa chini wanaubadilisha palepale, waigizaji wanarudia. Mwandishi anayepimwa na watu 300 usiku uleule atajifunza kuchekesha kila baada ya sekunde chache.

Kicheko cha mashine ni kitu kingine. Charles Douglass, fundi sauti wa Marekani, alibuni mashine yake miaka ya 1950, anabonyeza vitufe na vicheko vya aina mbalimbali vinatoka. Ndicho walichowekewa M*A*S*H, komedi ya madaktari wa jeshi la Marekani kwenye vita vya Korea, na watengenezaji wake hawakukipenda. Walifanikiwa kukiondoa kwenye matukio ya chumba cha upasuaji. BBC walipoionyesha Uingereza walikiondoa karibu chote, na Waingereza wengi wa kizazi hicho wanaikumbuka kama tamthilia nzito yenye utani ndani yake.

Na kwa kuwa umenifikisha kwenye vita, linganisha miisho. M*A*S*H ilichukua misimu 11 kusimulia vita vilivyodumu miaka mitatu. Februari 1983 waliifunga kwa saa mbili na nusu, Wamarekani zaidi ya milioni 100 wakiangalia, kila mhusika akaagana na mwenzake, na helikopta ilipopaa likaonekana neno la kwaheri limeandikwa kwa mawe chini. Ni mwisho wa watu mliokaa nao miaka 11, na walistahili kuagwa hivyo.

Blackadder Goes Forth, msimu wa nne wa Blackadder, ilikuwa na episodi sita, BBC1, 1989. Wanajeshi wa Uingereza kwenye mahandaki ya vita vya kwanza vya dunia, na Kapteni Blackadder anatumia kila episodi kutafuta njia ya kukwepa kupelekwa mbele. Episodi ya sita njia zinaisha. Baldrick, askari wa chini yake, anasema ana mpango, kama alivyosema miaka yote, na Blackadder anamjibu kwa upole, ambao hajawahi kumwonyesha. Filimbi inalia, wanapanda juu ya handaki, wanakimbia kwenye moshi, picha inapunguza mwendo na kufifia kuwa uwanja wa maua mekundu. Wamekufa wote. Jambo hilo linawezekana pale tu ambapo hakuna anayetarajia msimu wa tano.

---

#8

Mkuu umetaja waliofanikiwa kuhamisha. Walioshindwa je? Nimesikia Fawlty Towers ilijaribiwa Marekani ikafa.

---

#9 – Mleta uzi

Ilijaribiwa mara tatu, mkuu. 1978 walitengeneza episodi ya majaribio na Harvey Korman na Betty White, ikaishia hapo. 1983 ABC wakaleta Amanda's, na 1999 CBS wakaleta Payne. Zote hazikudumu.

Amanda's inafundisha kuliko zote. Mwenye hoteli akawa Bea Arthur, mwigizaji hodari asiye na mfano, ila akawekwa kama mjane. Yaani waliondoa ndoa. Basil bila mke wake Sybil ni mtu mwenye hasira tu. Kinachoiendesha Fawlty Towers ni hofu: anamficha mke wake dau la farasi, anaficha panya, anaficha maiti ya mgeni, na anayemwogopa kuliko wote ni mke wake. Akisikia sauti yake ikimwita kwa jina anaganda. Mama mwenye hoteli yake mwenyewe hana wa kumficha, kwa hiyo injini haipo. Na waliotaka episodi za msimu mzima walikuwa wanaomba kitu ambacho hata Cleese na Booth walihitaji miaka kutengeneza sita.

Hata Mind Your Language, ile ya darasa la Kiingereza la Mwalimu Brown, ilipata ya Kimarekani mwaka 1986, What a Country!, ikafa baada ya msimu mmoja. Coupling ya NBC, 2003, iliondolewa baada ya episodi nne.

Zilizofanikiwa ni zile zilizoruhusiwa kuwa kitu kingine. Armando Iannucci, aliyetengeneza The Thick of It kuhusu wizara ya Uingereza, alikwenda HBO akafanya Veep, na badala ya kunakili alitafuta matusi na woga wa Washington wenyewe. Parks and Recreation ilianza 2009 na Leslie Knope akionekana kama Michael Scott wa kike, watu hawakumpenda. Msimu wa pili wakamfanya mchapakazi ambaye wenzake wanamheshimu, na ikaenda misimu saba. Dawa ileile ya Scranton.

Siku hizi mipaka inalegea. Mitandao ya kulipia inaagiza episodi nane au kumi hata Marekani, na Fleabag ya Phoebe Waller-Bridge, episodi 12 tu, ilizoa tuzo za Emmy mwaka 2019 mbele ya komedi za Kimarekani zenye bajeti kubwa. Lakini kama mnataka kuiona tofauti ikiwa hai leo, chukueni Ghosts. Ya BBC ilianza 2019, wasanii sita wakiandika na kuigiza wenyewe: mke na mume wamerithi jumba bovu lililojaa mizimu ya enzi mbalimbali. Miaka yote paa linavuja, hela hakuna, na kila mpango wa kujikwamua unawaka moto. Walifunga 2023, episodi 34, kwa hiari yao.

Ya CBS ilianza 2021 na imeshapita mara mbili ya idadi hiyo. Jumba ni lilelile, mizimu imekuwa ya Kimarekani, na wale mke na mume wamefungua nyumba ya wageni inayopata wateja. Mume, ambaye ni mpishi, amefungua na mgahawa wake uani. Mimi nimecheka na zote mbili. Anzeni na episodi ya kwanza ya kila moja, mfuatanishe jioni moja, halafu rudini hapa mniambie mliwaonea huruma akina nani.